Kutodhuru Hakutoshi: Vitamini C na Mgonjwa Mahututi wa Sepsisi

Kuna mstari mmoja ambao huandikwa mwishoni mwa karatasi ya dawa za kununua nje, baada ya antibiotiki, baada ya maji ya dripu na mpira wa mkojo: vitamini C ya sindano, vichupa kadhaa. Si kila hospitali huuandika, wala si kila daktari. Lakini unaandikwa vya kutosha hata ndugu wa wagonjwa wameanza kuuulizia wenyewe pale usipokuwapo. Mgonjwa anayeandikiwa huwa amelazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi. Shinikizo la damu limeshuka, figo zimeanza kugoma, fahamu inakuja na kupotea. Ndugu huenda duka la dawa, hununua, hurudi. Ukimuuliza aliyeandika sababu yake, jibu huwa fupi: haina madhara, na huenda ikasaidia.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba jibu hilo lina kasoro pande zote mbili. Kusema kwamba haina madhara si kweli kwa kipimo kinachotumika katika wodi hizo. Na kusema kwamba huenda ikasaidia kulikuwa na haki ya kusemwa mwaka 2017. Tangu mwaka 2022 haki hiyo imekwisha.

Sepsisi ndiyo hali ambayo watu wengi huiita sumu kwenye damu. Jina hilo la mtaani lina ukweli ndani yake, ila linaficha jambo moja muhimu. Tatizo si vimelea peke yao. Maambukizi yanaweza kuwa yameanzia kwenye mapafu, tumboni, kwenye njia ya mkojo, kwenye kidonda au kwenye kizazi baada ya kujifungua. Kinachoua ni pale mwili wenyewe, katika kupigana nayo, unapopoteza mizania na kuanza kuviumiza viungo vyake. Kwa mujibu wa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet, mwaka 2017 watu wapatao milioni 48.9 duniani walipata sepsisi na milioni 11 wakafa, yaani takriban kifo kimoja katika kila vifo vitano. Sehemu kubwa kabisa ya wagonjwa hao iko katika nchi kama zetu.

Dhidi ya vimelea tunazo dawa. Dhidi ya ile ghasia ya mwili hatuna. Kwa miongo kadhaa watafiti wamejaribu dawa moja baada ya nyingine ya kuituliza, na karibu zote zimeanguka. Ile iliyopata heshima kubwa kuliko zote, protini iliyouzwa kwa jina la Xigris, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, ikauzwa kwa bei ya kutisha, kisha mwaka 2011 mtengenezaji akaiondoa sokoni baada ya jaribio jipya kuonyesha kwamba haiokoi maisha. Kwa hiyo tusishangae kwamba ilipotokea habari ya dawa ya bei nafuu, inayojulikana na kila mtu, iliyomo hata kwenye chungwa, madaktari waliipokea kwa mikono miwili. Mfa maji haachi kutapatapa, na daktari wa wodi ya mahututi ni jamaa wa karibu wa mfa maji.

Habari yenyewe ilitoka Norfolk, jimboni Virginia. Daktari Paul Marik na wenzake walichapisha mwaka 2017, katika jarida la CHEST, maelezo ya wagonjwa 47 wa sepsisi kali waliopewa mchanganyiko wa vitamini C gramu 1.5 kila baada ya saa sita, haidrokotizoni, na thiamini, yaani vitamini B1. Walilinganishwa na wagonjwa wengine 47 waliotibiwa katika hospitali hiyo hiyo miezi iliyotangulia, kabla mchanganyiko huo haujaanza kutumika. Katika kundi la awali walikufa 19. Katika kundi la mchanganyiko walikufa wanne. Asilimia 40.4 dhidi ya asilimia 8.5! Tofauti kubwa kama hiyo ni nadra mno katika majaribio ya dawa za sepsisi, na nadhani hapo ndipo tulipopaswa kusita badala ya kushangilia.

Nadharia nayo ilikuwa ya kuvutia. Binadamu hawezi kujitengenezea vitamini C, mbuzi anaweza. Damu ya mgonjwa wa sepsisi mara nyingi huwa na vitamini C kidogo mno. Vitamini hiyo inahitajika mwilini katika kutengeneza noradrenalini, homoni ile ile tunayomtundikia mgonjwa kwa mashine ili kupandisha shinikizo lake. Tena hulinda kuta za mishipa midogo ya damu, ambayo katika sepsisi huvuja kama chujio. Mtu akiyasikia haya yote kwa pamoja huona kana kwamba jambo limekwisha thibitika. Lakini kiwango kidogo cha kitu katika damu ya mgonjwa hakituambii kama ndicho kilichomwangusha au ni alama tu ya kuanguka kwake. Madini ya chuma pia hupungua katika damu ya mwenye maambukizi makali, na hatukimbilii kumjaza chuma.

Kulinganisha wagonjwa wa mwaka huu na wa mwaka jana ni njia dhaifu ya kupima dawa, hata anayeitumia akiwa mwaminifu kiasi gani. Wodi hubadilika. Muuguzi mpya mwenye jicho kali anaajiriwa. Antibiotiki zinaanza kutolewa mapema zaidi. Wote wanajua kwamba kuna tiba mpya na wanasimama kitandani muda mrefu zaidi. Ili kujua kazi ya dawa yenyewe, wagonjwa hawana budi kugawanywa kwa kura, na ikiwezekana anayetibu na anayetibiwa wasijue nani amepata nini.

Kura zikapigwa. Jaribio lililoitwa VITAMINS, katika hospitali za Australia, New Zealand na Brazili, lilitangaza matokeo Januari 2020: wagonjwa 216, nusu wakipata mchanganyiko kamili na nusu haidrokotizoni peke yake. Muda ambao mgonjwa aliishi bila kuhitaji dawa za kupandisha shinikizo katika siku saba ulikuwa takriban saa 122 kwa kundi la kwanza na takriban saa 125 kwa la pili. Hakuna tofauti. Majaribio mawili ya Marekani, ACTS lenye wagonjwa 205 na VICTAS lenye wagonjwa 501, yalifika hapo hapo, ingawa hilo la pili lilisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa.

Jaribio moja lilileta mkanganyiko, na kwa kuwa watetezi wa vitamini C bado wanalitaja, afadhali tulitazame kwa utulivu. CITRIS-ALI, la mwaka 2019, liliwahusisha wagonjwa 167 wa sepsisi ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa. Watafiti walitangaza mapema ni nini watakachopima kwanza: kiwango cha kushindwa kwa viungo na vipimo viwili vya damu. Katika yote matatu vitamini C haikuleta tofauti. Lakini walikuwa na orodha nyingine ya mambo 46 ya kupima baadaye, na moja kati ya hayo lilikuwa kifo ndani ya siku 28: asilimia 29.8 kwa waliopata vitamini, asilimia 46.3 kwa waliopata maji matupu. Ndugu msomaji, ukirusha jiwe kwenye mwembe mara 46, embe litaanguka hata kama hujui kulenga. Watafiti wenyewe walitahadharisha kuhusu kuyategemea matokeo hayo. Walichokiona kilistahili kuulizwa upya katika jaribio kubwa, na kiliulizwa.

Jaribio hilo kubwa ni LOVIT, lililochapishwa katika New England Journal of Medicine mwezi Juni 2022. Wagonjwa 872 wa sepsisi, wote wakiwa wanahitaji dawa za kupandisha shinikizo la damu, katika wodi 35 za mahututi, nyingi zikiwa Kanada. Nusu walipewa vitamini C peke yake, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita kwa muda usiozidi siku nne. Nusu walipewa plasebo. Baada ya siku 28, waliokuwa wamekufa au wangali na viungo vilivyoshindwa walikuwa asilimia 44.5 katika kundi la vitamini C na asilimia 38.5 katika kundi la plasebo. Someni tena, maana wengi huyasoma matokeo haya kinyume: waliopata vitamini ndio waliofanya vibaya zaidi, na tofauti hiyo haikuwa ya kubahatisha kwa vigezo vya kitakwimu. Vipimo vya damu havikuonyesha njia ambayo madhara yalipitia. Hilo halinifariji hata kidogo. Nadharia iliyotushawishi kuianza dawa hii ilikuwa imejengwa juu ya vipimo vya damu vya aina hiyo hiyo.

Hata kabla ya LOVIT, mwongozo wa kimataifa wa tiba ya sepsisi wa mwaka 2021 ulikuwa umependekeza vitamini C ya mshipani isitumike.

Narudi sasa kwenye lile neno, kwamba haina madhara. Mtu mzima huhitaji chini ya miligramu 100 za vitamini C kwa siku. Kipimo cha Norfolk ni gramu sita kwa siku, mara sitini na zaidi. Kipimo cha LOVIT kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 12. Katika kiasi hicho hatuzungumzii tena chungwa. Tunazungumzia dawa, na dawa ina tabia zake. Sehemu yake hugeuka mwilini kuwa oksalati, ambayo inaweza kuganda ndani ya figo, na figo za mgonjwa wa sepsisi tayari ziko mashakani. Pili, na hili liwafikie wauguzi kwa namna ya pekee: baadhi ya vile vipimo vya sukari vya kuchoma kidole huidhania vitamini C kuwa ni sukari. Mashine husoma sukari iko juu, insulini inaongezwa, kumbe sukari halisi inashuka kuelekea kwenye degedege na mauti. Mgonjwa aliyelazwa usingizi wa mashine ya kupumulia hawezi kulalamika kwamba anatetemeka au ana njaa.

La tatu linatugusa sisi zaidi kuliko lilivyowagusa watu wa Kanada. Katika maeneo ambako malaria imekaa karne nyingi, pwani yetu ikiwamo, watu wengi, hasa wanaume, wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Kwa sababu hiyo tunajihadhari na primakwini. Vitamini C kwa kipimo kikubwa mshipani nayo inaweza kuzipasua chembe nyekundu za damu za watu hao. LOVIT iliwaweka kando wagonjwa waliojulikana kuwa na upungufu huo. Sisi, katika wodi zetu, ni wangapi tunawapima kabla ya kuandika mstari ule wa mwisho?

Kuna pia gharama. Kama kichupa kina miligramu 500, kama vilivyo vingi madukani, basi kipimo cha Norfolk ni vichupa 12 kwa siku, 48 kwa siku nne. Kila baada ya saa sita muuguzi anavunja vichupa vitatu, anachanganya, anatundika, anaandika. Katika wodi yenye wauguzi wa kutosha hilo si kitu. Penye muuguzi mmoja kwa vitanda vingi, dakika hizo zimetolewa kwenye kumgeuza mgonjwa, kumfyonza makohozi, kuhesabu mkojo, kugundua kwamba mtungi wa oksijeni unakaribia kwisha.

Wenzangu wanaotetea vitamini C wana majibu mawili, na yote mawili yanastahili kusikilizwa.

La kwanza ni kwamba katika majaribio dawa ilichelewa. Huenda. Lakini wagonjwa wa LOVIT waliingizwa katika jaribio ndani ya saa 24 tangu kufika wodi ya mahututi. Mgonjwa wetu hufika siku ya tatu au ya nne, baada ya duka la dawa moja, zahanati mbili na rufaa iliyosubiri gari. Ikiwa vitamini C hufaa tu inapotolewa katika saa chache za mwanzo, basi kwetu ndiko itakakofaa kwa uchache kuliko kote.

Jibu la pili lina nguvu zaidi: kwamba wagonjwa wetu si wa Kanada. Wengi huingia hospitalini wakiwa tayari wamedhoofika kwa lishe duni, VVU, kifua kikuu au pombe. Huenda upungufu wao wa vitamini ni wa kweli na wa siku nyingi. Nakubali, na hapa ndipo ninapotaka tutenganishe mambo mawili ambayo mazungumzo ya wodini huyachanganya. Kumpa vitamini mtu anayeikosa ni kumlisha. Kumpa gramu 12 kwa siku ili kutuliza ghasia ya mwili ni kumtibu kwa dawa. Mwenye dalili za kiseyeye hupona kwa vidonge vya miligramu mia chache kwa siku, ambavyo vinaweza kusagwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani. Mlevi wa siku nyingi, au mama mjamzito aliyetapika majuma kadhaa, au mtu aliyekonda sana ambaye tunakaribia kumwanzishia lishe, huyo apewe thiamini ya sindano, na apewe kabla ya glukosi. Kumcheleweshea ni kuuhatarisha ubongo wake. Katika hayo sina ubishi. Nasikitika hata kwamba thiamini husahaulika kwa watu hao wanaoihitaji, wakati vitamini C inaandikwa kwa kila mtu.

Wala sina chuki na vitamini kama tiba. Mojawapo ya majaribio mazuri ya vitamini yaliyowahi kufanywa kwa watoto wagonjwa lilifanyika hapa Tanzania, katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1987 katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza. Watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa kura. Waliopata vitamini A walikuwa 88 na wakafa sita, wasiopata walikuwa 92 na wakafa 12. Idadi ilikuwa ndogo, na mtu makini angeweza kusema bado. Miaka mitatu baadaye jaribio la Cape Town likatoa jibu la upande huo huo, kwa nguvu zaidi. Leo vitamini A kwa mtoto mwenye surua ni tiba inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Vitamini A ilipita katika lango lile lile ambalo vitamini C imejaribiwa na kushindwa kupita.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kuliheshimu lango hilo. Kwa miaka mingi vitabu vilitufundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu amiminiwe maji ya mshipani kwa haraka. Nani angepinga? Maji hayana madhara, na huenda yakasaidia. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kilifi nchini Kenya, Teule huko Muheza, na katika hospitali nne za Uganda, liliwagawanya kwa kura watoto zaidi ya 3,100. Mwaka 2011 matokeo yalitoka: katika saa 48, kati ya waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa takriban asilimia 10.5, na kati ya waliopewa maji ya kawaida ya taratibu walikufa asilimia 7.3. Miaka sita baadaye hospitali kuu ya rufaa ya Lusaka ilionyesha jambo kama hilo kwa watu wazima wenye sepsisi na shinikizo lililoshuka, wengi wao wakiishi na VVU: utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha shinikizo uliambatana na vifo asilimia 48.1, matunzo ya kawaida asilimia 33. Ulimwengu ulilazimika kuandika upya baadhi ya kurasa za vitabu vyake kwa sababu ya watoto wa Mbale na Muheza. Hospitali zenye historia hiyo hazina sababu ya kuokota tiba iliyokwisha kushindwa katika majaribio.

Kama yupo mtafiti anayeamini kwamba mgonjwa wetu mwenye utapiamlo ni tofauti, basi aandike andiko la utafiti, alipeleke kwenye kamati ya maadili, apime G6PD, atumie mashine ya sukari isiyodanganywa, na agawanye wagonjwa kwa kura. Nitamwunga mkono. Kinachofanyika sasa hakimfundishi mtu lolote: vichupa vinatundikwa, mgonjwa anapona au anakufa, na hakuna anayejua vitamini ilichangia nini.

Wakati huo huo kazi zenye uhakika zipo na hazijakamilika. Antibiotiki sahihi ndani ya saa ya kwanza kwa mwenye mshtuko. Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya dozi hiyo, bila kuichelewesha. Jipu litumbuliwe na usaha wa tumboni utolewe usiku huo huo badala ya kusubiri orodha ya upasuaji ya asubuhi. Oksijeni iwepo, na kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kiwe na betri. Maji ya mshipani yatolewe kwa kiasi huku mtu akiangalia kupumua kwa mgonjwa.

Ndugu wanaostahili kuambiwa ukweli wasiachwe na karatasi tu. Anapouliza dada au mtoto wa mgonjwa kama hatununui zile vitamini alizosikia zimemponya fulani, huchukua dakika tano kumweleza kwamba zilijaribiwa kwa mamia ya wagonjwa kama wake na hazikuwaokoa, na kwamba fedha aliyonayo mkononi ni afadhali ilipie kipimo cha kuotesha vimelea, kitakachotuambia kesho kutwa kama antibiotiki tuliyoianza ndiyo au tuibadilishe.